Kufundisha Uhusiano wa Koo na Moyo: Somo la Sayansi kwa Darasa la Sita

Mtoto anayeumwa koo aghalabu hadhaniwi kuwa hatarini. Siku chache hupita, maumivu hutulia, naye hurudi darasani. Lakini kwa watoto wachache koo hilo huwa mwanzo wa homa ya baridi yabisi, ambayo huweza kuharibu vali za moyo kwa maisha yote. Huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15, yaani wanafunzi wetu wenyewe. Kwa hiyo mwalimu atakayepangiwa Kwamkoro, au kijiji kingine cha milima ya Usambara, hana budi kuweza kueleza jinsi ugonjwa wa koo unavyofika moyoni.

Maarifa ya Mwalimu

Maumivu mengi ya koo husababishwa na virusi, nayo hupona yenyewe. Mengine huletwa na bakteria waitwao streptokoka wa kundi A. Juu ya ngozi ya bakteria hao hutokeza nyuzi za protini M, ambayo Rebecca Lancefield, mtafiti wa New York, aliieleza mwaka 1928. Kila uzi ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja.

Mwili hutengeneza kingamwili za kuushika uzi huo. Hapo ndipo tatizo linapoanza. Miosini ya misuli ya moyo na laminini ya utando wa vali nazo zina sehemu zilizosokotwa kwa namna inayofanana. Wataalamu wanaeleza kwamba huenda kingamwili huzishika hizo pia, zikidhani ni adui. Wiki 2 au 3 baada ya koo kupona, mtoto hupata homa, viungo huvimba na kuuma kwa zamu, na moyo huweza kudhurika.

Vifaa

Kamba za mkonge, udongo wa mfinyanzi na kitambaa cha kufungia macho.

Hatua za Somo

1. Wanafunzi wafinyange tonge la udongo (bakteria) na umbo la moyo. Wasokote kamba mbili mbili, kisha wazichomeke katika vyote viwili. Katika tonge la tatu wachomeke vijiti vilivyonyooka.

2. Mwanafunzi mmoja awe askari wa mwili. Afungwe macho, apapase kamba za bakteria, kisha aambiwe amtafute adui huyo mezani kwa kupapasa kamba tu. Atakapoushika moyo, mwalimu asiseme neno.

3. Darasa liulizwe: Kwa nini askari amekosea? Kwa nini hakushika vijiti? Wanafunzi wenyewe wafikie jibu: anatambua umbo la kamba, si mwenye kamba.

4. Waulizwe: Tufanye nini ili askari asiwe na sababu ya kuzitafuta kamba hizo? Jibu ni kuwaua bakteria mapema. Penisilini ikianza kutolewa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, huzuia homa hiyo.

Mambo ya Kuangalia

Katika sehemu nyingi za nchi yetu mtoto mwenye koo hupelekwa kukatwa kimeo. Mwalimu asiwadhihaki wazazi. Awaulize wanafunzi: Kimeo kikikatwa, bakteria walio kooni wameondoka? Mwanafunzi aliyefanya zoezi la kamba atajibu mwenyewe, na jibu hilo atalipeleka nyumbani.

Kadhalika mwalimu asiwatie watoto hofu, wala asijifanye tabibu. Kazi yake ni kumshauri mzazi ampeleke mtoto zahanati. Mwanafunzi aliyekwisha kuugua homa hii hudungwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Apewe ruhusa bila kuulizwa maswali mbele ya wenzake. Faida yake ni kubwa. Utafiti uliofanywa kaskazini mwa Uganda kwa watoto 818 wenye dalili za awali katika vali, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba katika miaka 2 hali ilizidi kuwa mbaya kwa asilimia 0.8 ya waliodungwa, na asilimia 8.2 ya wasiodungwa. Vali ikishaharibika kabisa hubaki upasuaji, kama ufanywao katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, mbali sana na Kwamkoro.

Tathmini

Kila mwanafunzi aeleze kwa sentensi tatu jinsi koo lisilotibiwa linavyoweza kuudhuru moyo. Atakayeandika kwamba bakteria husafiri hadi moyoni na kuula, arudishwe kwenye kamba, bado hajaelewa.