Jiwe la Nyota la Biashara Street

Jumamosi moja mamangu alikuwa akichagua leso Biashara Street. Mchuuzi mmoja akanionyesha jiwe jeusi ling'aalo. "Kijana, hii ni tektaiti, imeanguka kutoka mbinguni!" Nikampa shilingi 200, nauli yangu ya wiki nzima.

Kumbe tektaiti haitoki mbinguni. Kimondo kikubwa kikiipiga ardhi, udongo na mawe huyeyuka, hurushwa juu, hupoa na kuanguka mbali yakiwa kioo. Zile nyeusi za Côte d'Ivoire zilirushwa kutoka shimo lililo leo Ziwa Bosumtwi, Ghana, yapata miaka milioni 1 iliyopita. Za Czech ni za kijani, zilitoka Ries, Ujerumani, miaka kama milioni 15 sasa. Za Australia zingine zina umbo la kifungo cha shati. Kwetu Kenya hatumo.

Langu je? Mwalimu wa jiografia alilipeleka kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Chembe ilipopigwa moto wa gesi ikavimba, ikatoa povu! Tektaiti ni kavu mno, haitoi povu hivyo. Hilo ni obsidiani, kioo cha volkano. Kule Naivasha watu wa kale walichongea visu.

Wiki ile nilienda shule kwa miguu. Mama, ukisoma hapa, nisamehe.