Kabla ya Kupanda Kilimanjaro, Tukae Kwanza Chini



Somo la leo lina Biblia, lina Mt. Thoma wa Akwino, na lina ratiba ya basi. Msishangae, vyote vinahusiana.

Wiki mbili zilizopita, baada ya Misa ya pili, vijana wa parokia hapa Bariadi waliniita kwenye kikao chao. Wameamua kupanda Mlima Kilimanjaro mwezi Septemba. Walipofika kwangu, fulana zilikuwa zimeshachorwa: mbele msalaba, nyuma maneno ya Mt. Pier Giorgio Frassati kwamba twende juu. Tarehe bado. Bajeti bado. Mwongozaji bado. Lakini fulana tayari, jamani! Mmoja akasema, "Frateri, wewe si ulishapanda? Tupangie."

Nikawaambia ukweli. Nilipanda, lakini sikufika.

Ilikuwa likizo nikiwa mwaka wa tatu wa falsafa. Tulikuwa wanne, tukachagua njia ya Marangu kwa siku tano. Kuna siku ya sita ambayo watu hulala Horombo usiku wa pili ili mwili uzoee, sisi tukaifuta tuokoe hela. Nani alipendekeza tuifute? Mimi. Nilikuwa najiona nina miguu ya Kisukuma, nimetembea vigangoni tangu utoto, mlima utanifanya nini?

Horombo ipo mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Jioni ile kichwa kiliniuma kama kinapasuliwa, nikatapika nyuma ya kibanda. Mwongozaji akaniuliza, "Vipi, kichwa?" Nikasema niko poa. Moyoni nikajipa moyo kwa maneno ya kiroho: namtolea Kristo mateso haya. Kesho yake tukafika Kibo, karibu mita 4,700, na vidole vilikuwa vimekataa kufunga kamba za viatu. Bado nikasema niko poa. Usiku wa manane tukaanza kupanda. Karibu na pango la Hans Meyer nikawa nayumba kama mlevi. Mwongozaji wa pili akaamua kunishusha. Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo naliona aibu: nilimshika koti mwenzangu mmoja, nikakataa kushuka bila yeye.

Yule hakuwa na tatizo lolote. Alikuwa amelipia safari ile kwa pamba ya misimu miwili ya kashamba alikopewa na baba yake. Akageuka, akashuka na mimi. Tulipofika Horombo asubuhi, kichwa kikapoa, nikala kama si mimi niliyekuwa nakufa. Yeye alikaa nje ya kibanda akiangalia Kibo. Hakunilaumu hata neno moja. Afadhali angenilaumu.

Nimeisimulia kirefu kwa sababu nilikuwa nimeuita uongo wangu sadaka. Sadaka unatoa kilicho chako. Mimi nilitoa kilele cha mwenzangu.

Sasa fungua Lk 14:28-32. Mfano wa mnara tunaujua wote: mtu anayetaka kujenga hukaa kwanza, akapiga hesabu ya gharama, asije akaishia kwenye msingi na watu wakamcheka. Tunaupenda sana kwenye vikao vya ujenzi wa kanisa. Lakini Yesu haishii hapo. Anaongeza mfano wa mfalme mwenye askari elfu kumi, anayejiwa na mwenye elfu ishirini. Huyu naye anakaa kwanza, anahesabu, na akiona hawezi, anatuma wajumbe wa amani mapema, adui akiwa bado mbali. Mfano wa kwanza unauliza kama unacho cha kumalizia. Wa pili unauliza kama utajua mapema kwamba huna. Mimi nilisoma wa kwanza tu. Angalieni pia kwamba Yesu anasema hayo katikati ya maneno mazito kuhusu kuchukua msalaba na kuacha vyote (Lk 14:25-33). Kumbe kupiga hesabu na kubeba msalaba havigombani.

Mt. Thoma ananisaidia hapa. Katika Summa Theologiae, anapozungumzia makosa yanayopingana na busara, analitaja kosa la kukurupuka, na anasema neno lenyewe la Kilatini limetokana na kuanguka kutoka juu: mtu anayeporomoka kwa msukumo badala ya kushuka ngazi kwa ngazi. Busara ina ngazi zake, anasema, kama kukumbuka yaliyopita, kuelewa yaliyopo, na kufundishika na wakubwa. Ukiziruka, unaporomoka hata kama nia ni njema. Niliyasoma hayo darasani, nikayajibu kwenye mtihani, nikapata alama nzuri, halafu nikaenda mlimani nikaruka ngazi zote.

Mlima nao una ngazi zake. Kilele cha Uhuru kipo mita 5,895. Kule juu kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inakupa karibu nusu ya oksijeni. Mwili unaweza kuzoea, lakini unazoea kwa siku, hauzoei kwa saa. Kwa sisi wa Simiyu hakuna pa kuanzia: Ziwa Victoria lipo mita 1,134, na nchi yetu haipandi sana kutoka hapo. Mazoezi ya kutembea ni mazuri, na nimewaambia vijana tutakuwa tunakwenda vigangoni kwa miguu, kila mmoja na galoni la lita tano begani. Hiyo inaimarisha miguu na mapafu. Haizuii ugonjwa wa mwinuko. Huo haujali ujana wala misuli, tena vijana wenye nguvu ndio huumia zaidi kwa sababu wanakwenda mbio. Ukianza kuumwa kichwa, usiendelee kupanda mpaka upone. Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, dawa ni kushuka, tena usiku huo huo, maana ubongo unaweza kuvimba na mapafu kujaa maji. Watu hufa.

Na wale wa kwanza waliofika walifikaje? Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu mwaka 1887 akashindwa. Mwaka 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller wa Austria. Mangi Marealle wa Marangu aliwapokea, na watu wa huko, akiwemo kijana Yohani Kinyala Lauwo anayekumbukwa mpaka leo, waliwasaidia mlimani. Safari hii Meyer aliweka kambi kadhaa njiani, chakula kikawa kinapandishwa kutoka chini, ili wakishindwa siku moja wasilazimike kurudi mpaka bondeni. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta wakiwa hoi, wakageuka. Tarehe 6 Oktoba wakasimama kileleni. Kugeuka kulikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo. (Mwaka huo huo padre kijana wa Italia, Achille Ratti, alipanda Monte Rosa kwa upande wa Macugnaga. Mwaka 1922 akawa Papa Pio XI, na mwaka 1923 akamtangaza Mt. Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wapanda milima. Kwa hiyo tunaye wa kumwomba.)

Haya, mpango wetu. Tutakwenda siku sita, na nimezipanga kati ya Jumapili mbili. Jumapili tunasali Kilema, misheni iliyoanzishwa mwaka 1890, jirani na Marangu. Jumatatu getini mpaka Mandara, mita 2,720. Jumanne Horombo. Jumatano tunabaki Horombo, tunapanda kidogo kuelekea Mawenzi na kurudi kulala pale pale. Alhamisi Kibo. Usiku wake tunaanza kupanda, Ijumaa tunashuka mpaka Horombo, Jumamosi tupo nje. Jumapili tunasali tena, tukiwa tumefika au hatujafika. Mtu akisema tuifute Jumatano tuokoe hela, ajue nitamjibu vibaya.

Septemba ni kipindi kikavu. Masika ya Machi hadi Mei tuyakwepe. Pia msimu wa kuuza pamba kwa kawaida unafunguliwa Mei, hivyo anayetegemea shamba atakuwa ameshapata chochote. Ada za hifadhi kwa Mtanzania ni ndogo sana kuliko za mgeni, lakini msidanganyike, gharama haiishii hapo. Kuna mwongozaji mwenye leseni, ambaye ni lazima. Kuna wapagazi, mpishi, chakula, vifaa vya kukodi, na nauli ya kwenda na kurudi. Basi kutoka hapa linapita Maswa, Shinyanga, Nzega, Singida, Babati, Arusha, ndipo Moshi. Ni siku nzima barabarani, na aliyechoka na basi asianze kupanda kesho yake. Tutaondoka Ijumaa, Jumamosi tupumzike.

Kuhusu wapagazi, nisikilizeni vizuri. Mzigo wa mpagazi una kikomo, kilo 20. Mtaletewa bei ya kutupa, na mtaifurahia. Jiulizeni nani anailipia tofauti. Mara nyingi ni yule kijana aliyebeba begi lako akiwa na viatu vilivyochanika. Kanisa linafundisha kuhusu ujira wa haki tangu Rerum Novarum ya mwaka 1891, hatuwezi kupanda tukiimba Bikira Maria huku tumempunja aliyebeba unga wetu. Kama hela haitoshi kumlipa vizuri, tusubiri mwaka mwingine.

Makoti mazito, kofia za sufu na glavu tafuteni mnadani kwenye mitumba, mengine tutakodi Marangu. Taa ya kichwani kila mtu na yake. Maji lita tatu au nne kwa siku, hata kama husikii kiu. Na kula hata kama hutaki. Someni 1 Fal 19:3-8 muone jinsi malaika alivyomwamsha Eliya mara mbili ale mkate na kunywa maji kabla ya safari ya Horebu. Malaika hakumhubiria. Alimpa chakula, kwa sababu njia ilikuwa ndefu.

Mt. Frassati, aliyetangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025, alifariki tarehe 4 Julai 1925 akiwa na miaka 24. Yale maneno ya fulana aliyaandika kwenye picha yake akiwa anapanda mwamba, mwezi mmoja hivi kabla. Alikufa kwa polio kitandani, hakufia mlimani. Nasema hivyo kwa wale wanaodhani utakatifu wa mpanda milima ni kuhatarisha roho.

Kazi ya wiki hii, kwa wanaokwenda na wasiokwenda. Soma Lk 14:25-33 taratibu, mara mbili. Kisha jibu kwa maandishi: ni jambo gani sasa hivi unaloliita msalaba, na kumbe ni aibu tu ya kusema umechoka? Nani atageuka nawe ukianguka, na itamgharimu nini? Wanaokwenda wana swali la ziada: chagua mwenzako mmoja, umwandikie kwamba unampa ruhusa ya kumwambia mwongozaji hali yako hata ukikataa. Karatasi hizo nitazikusanya kikao kijacho. Asiyeleta, hapandi.

Jana nilimpigia yule mwenzangu. Aliacha seminari, sasa ni mwalimu huko Maswa. Nikamwambia vijana wanakwenda Septemba, na kama anataka, nafasi yake ipo. Akakaa kimya kidogo.

"Frateri, Horombo tunalala siku ngapi?"

"Mbili wakati wa kupanda," nikamwambia.

Akasema atatuma mchango mwisho wa mwezi.