TUANDIKE HISTORIA YA KANISA LETU

Ndugu msomaji, ulipokuwa darasani ulijifunza kuandika jina lako, barua na hesabu za pamba au kahawa. Leo tujifunze kazi nyingine ya kalamu. Tutaandika historia ya kanisa dogo la kijijini.

Kwa nini tuandike?

Makanisa mengi ya Ngara na Biharamulo yalianza chini ya mti au katika kibanda cha nyasi. Aliyetoa kiwanja alikitoa kwa maneno tu, mbele ya majirani. Wakati ule ilitosha, maana wote walijuana. Lakini majirani wale wakifa, nani atasema mpaka ulipita wapi? Wajukuu wanaweza kudai shamba la babu yao, na waumini wanaweza kudai kanisa lao. Kila upande utaapa kwamba unasema kweli. Hapo Baraza la Ardhi la Kijiji litauliza ushahidi. Basi, tuandike wazee wangali hai.

Tuanze na mambo yanayojulikana

Uprotestanti katika mkoa huu haukuletwa na Wazungu peke yao. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walifika Bukoba mwaka 1910. Waliwakuta Wahaya waliokwisha kulipata Neno kutoka Buganda. Baadaye Waanglikana wa CMS kutoka Australia walijenga kituo Katoke, katika Wilaya ya Muleba ya leo. Huko walifundisha walimu. Kisha wakafungua kituo Murgwanza, Ngara, na huko hospitali ikajengwa.

Miaka ya 1930 Uamsho ulitokea Gahini, Rwanda, ukafika hata Katoke. Watu waliungama dhambi mbele ya wenzao, na wengine walirudisha vitu walivyoiba. Wakaitwa walokole. Mwaka 1985 Dayosisi ya Kagera ya Kanisa Anglikana ilianzishwa, makao yake yakiwa Murgwanza.

Tena tusisahau Aprili 1994. Kwa muda wa siku moja hivi, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Mzee wa Ngara ukimwuliza juu ya mwaka ule, hatakosa la kusema.

Lakini mambo haya ni ya wilaya na mkoa. Ya kanisa lenu hayamo humu. Hayo mtayaandika ninyi.

Namna ya kufanya kazi

1. Chagueni watu watatu, na mmoja wao awe mama. Akina mama walibeba maji na udongo wa kujengea, lakini majina yao mara nyingi hayaandikwi.

2. Waulizeni wazee, kila mmoja peke yake. Nani alifundisha kwanza? Alitoka wapi? Nani alitoa kiwanja? Mpaka ni mti gani, au jiwe gani?

3. Mzee akisahau mwaka, msimlazimishe. Mwulizeni, "Ilikuwa kabla ya Uhuru wa 1961 au baadaye? Kabla ya vita vya Kagera vya 1978 au baadaye?"

4. Wazee wawili wakipingana, andikeni maneno ya wote wawili na majina yao. Msichague linalopendeza.

5. Andikeni na magomvi pia. Historia yenye sifa tupu haimsaidii mtu.

6. Someni daftari mbele ya watu wote, pamoja na ukoo uliotoa kiwanja. Wakikubali, watie sahihi au dole gumba. Fanyeni nakala mbili na kuziweka nyumba mbili, maana mchwa na moto havichagui.

Ndugu zetu Wakatoliki, Waislamu na wasio na dini nao wanaweza kuifuata njia hii kwa msikiti, kisima au shule.

Maswali ya kujadiliana

1. Nani alitoa kiwanja cha kanisa lenu? Mashahidi wangapi wangali hai?
2. Kwa nini ukoo uliotoa kiwanja lazima uwepo daftari likisomwa?
3. Mzee gani mtamwuliza kwanza wiki hii?