Majani ya Chuma au Mifuko ya Hewa? Namna ya Kuchagua Springi za Trela

Aghalabu ukurasa huu huzungumzia mwendo wa kasi, ulevi na kofia za bodaboda. Safari hii tumeona vema tushuke chini ya gari, mahali ambapo mnunuzi wa trela hupatazama mwisho, baada ya kwisha kukagua rangi, sakafu na matairi. Tunakusudia kueleza namna ya kuchagua mfumo wa springi wa trela la kubebea mizigo. Somo hili ni la mwenye trela, la dereva na la utingo wake. Hata hivyo, likipuuzwa, mara nyingi anayelipa ni mtu mwingine kabisa: mama aliyepanga ndizi pembeni mwa lami, mtoto anayetoka shule, au mpanda baiskeli aliyeondoka alfajiri na madumu yake ya maziwa.

Watu wengi hudhani kwamba springi zimewekwa ili mzigo usitikisike. Hiyo ni kazi mojawapo tu, na kwa trela si kazi kubwa. Kazi ya kwanza ni kuishika ekseli mahali pake, ikingame sawasawa chini ya chasisi, ili trela lifuate kichwa na lisiende upande kama kaa. Kazi ya pili ni kulikandamiza gurudumu barabarani wakati wote, maana gurudumu lililoinuka hewani, hata kwa kufumba na kufumbua, haliwezi kusimamisha kitu. Kazi ya tatu ni kugawa uzito baina ya ekseli zote kwa haki.

Hii ya tatu ndiyo inayokutana na sheria kwenye mizani. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili za kundi moja na tani 24 kwa ekseli tatu. Gari zima, pamoja na mzigo wake, halipaswi kuzidi tani 56. Dereva anayetoka Malaba kwenda Kampala, kisha Mbarara na Katuna, anazijua tarakimu hizi kama anavyolijua jina lake. Asichokijua kila mara ni kwamba kundi la ekseli tatu laweza kubeba tani 24 halali na bado likaiumiza barabara, iwapo springi hazigawi sawa.

Tutoe mfano. Katika tani 24, kila ekseli inatarajiwa kubeba tani 8. Tuseme springi za ekseli ya mbele zimekazana na za nyuma zimelegea, hivyo ya mbele ikabeba tani 10 na hizo nyingine tani 7 kila moja. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, ambapo malori yalizungushwa juu ya barabara zilizojengwa kwa kazi hiyo, yalionyesha kwamba madhara kwa lami hukua takriban kwa uzito wa ekseli uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli iliyozidiwa kwa robo haiharibu zaidi kwa robo tu. Huharibu karibu mara mbili na nusu. Ukijumlisha kundi zima, trela hilo linaumiza lami kwa moja ya tano zaidi ya lile lililogawa sawa, ilhali uzito ni uleule. Na kabla ya lami kulalamika, tairi na bearing za ekseli ile ya mbele zimekwisha kuchoka.

Sasa tuitazame mifumo yenyewe. Wa kwanza, na ulioenea kuliko yote nchini mwetu, ni springi za majani: vipande vya chuma vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwa boliti za umbo la U. Sifa yake ni ugumu na urahisi. Fundi wa Iganga, wa Lira au wa Kotido anaujua. Jani likivunjika, jingine hupatikana na kufungwa chini ya mti. Majani yanapokunjuka husuguana, na msuguano huo hutuliza mtikisiko kiasi. Katika trela la ekseli mbili au tatu, kati ya springi na springi huwekwa chuma cha kusawazisha kinachocheza kama ubao wa pembea: ekseli moja ikipanda tuta, chuma hicho huusukuma uzito kwa jirani yake. Siri ya mfumo huu imo katika chuma hicho na bushi zake. Bushi zikiliwa au zikikauka, chuma hukwama, na ule ugawaji wa haki tuliousema huisha siku hiyo, ijapokuwa springi zenyewe ni mpya.

Zipo pia springi zenye majani machache mazito, membamba kwenye ncha na manene katikati. Hizi ni nyepesi, hivyo humwachia mwenye mali uzito zaidi wa kupakia. Lakini panapokuwa na majani mawili tu, moja likivunjika limebaki moja. Sisi hatuwashauri wanaobeba mawe na mchanga wazitumie.

Mfumo wa pili ni wa mifuko ya hewa. Badala ya chuma kubeba uzito, mfuko wa mpira uliojazwa hewa ya kompresa hubeba, na mkono mzito wa chuma huishika ekseli. Mifuko ya ekseli zote huunganishwa kwa mipira ya hewa, na kwa kuwa hewa iliyounganishwa huwa na msukumo mmoja, uzito hugawanyika karibu sawa bila chuma chochote cha kusawazisha. Vali ndogo hupima kimo cha trela na kuongeza hewa mzigo ukizidi au kuipunguza ukishushwa, ili sakafu ibaki pale pale. Nchi za Ulaya ziliuona wema wake kwa barabara kiasi cha kuutungia kanuni: lori la ekseli tatu huruhusiwa tani 26 likiwa na springi za hewa na matairi pacha, ambapo lisilo nazo huishia tani 25.

Lakini hewa haina msuguano wa majani. Kinachozuia trela lisidunde kama mpira ni shokapu. Shokapu zikifa, trela la hewa huwa baya kuliko la majani, na huo wema wote wa barabara hupotea. Mwenye kununua mifuko ya hewa amenunua pia wajibu wa kubadilisha shokapu, wa kumwaga maji katika matangi ya hewa, na wa kulinda mipira isikwaruzwe na mawe.

Je, nani achukue upi? Kwa maoni yetu, swali la kwanza halihusu bei. Mnunuzi ajiulize trela litalala wapi likiharibika. Linalobeba makontena kwenye lami kutoka mpakani hadi Kampala, lenye karakana pande zote mbili, na linalobeba mizigo inayovunjika au mitambo ya gharama, lafaa sana springi za hewa. Linalobeba mbao na mawe kwenye barabara za murram, siku mbili mbali na duka la vipuri, libaki na majani ya chuma na chuma cha kusawazisha kilicho kizima. Kwa matangi ya mafuta, pamoja na kuchagua mfumo, kimo hutazamwa kwanza. Mzigo wa maji husukumana kwenye kona, na kadiri trela linavyokaa juu ndivyo linavyopinduka upesi. Springi za majani zilizofungwa chini ya ekseli hulishusha trela kuliko zilizofungwa juu yake, na kwenye kona za milima ya Kabale sentimita hizo si za kudharau.

Pana na kundi la tatu ambalo halina springi kabisa: matrela ya matrekta, hasa yale ya miwa. Ekseli imefungwa moja kwa moja kwenye chasisi. Shambani, kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, hakuna ubaya, ndivyo yalivyokusudiwa. Ubaya huanza trela hilohilo linapoingizwa barabara kuu na kuvutwa kwa kasi. Kila shimo huyarusha magurudumu juu, fungu la miwa husogea, na miwa inayoanguka usiku humkuta mwendesha bodaboda. Mkulima anayejua kwamba trela lake litapita lami kila siku ya mavuno atafute lenye springi, au akubali kwenda polepole na mchana.

Sasa tufike penye jambo ambalo limetufanya tuandike. Matrela mengi yanayouzwa hapa yametumika kwanza Ulaya, na mengi huja na mifuko ya hewa. Mfuko ukipasuka na mpya ukaonekana ghali, wako wanaoutoa na kuchomelea kipande cha chuma kati ya ekseli na chasisi. Trela husimama vizuri, rangi hupigwa, na mwenye mali huona ameokoa fedha.

Hivi ndivyo ilivyo kweli. Katika trela la hewa, kuna vali inayoamua nguvu ya breki kwa kuutazama msukumo wa mifuko. Msukumo ukiwa mkubwa, vali huelewa kwamba trela limejaa na kuruhusu breki zishike kwa nguvu. Ukiwa mdogo, huelewa kwamba trela ni tupu na kuzipunguza breki ili magurudumu yasiteleze. Ukiitoa mifuko na kuiacha vali bila hewa, inasadiki kwamba trela ni tupu siku zote. Dereva anateremka mlima na tani 24 nyuma yake, anakanyaga, na trela linafunga breki kama lisilo na kitu. Kichwa peke yake ndicho kinachozuia, breki zake zinapata moto, na trela linakisukuma. Baadaye watu wataandika kwamba breki zilikatika. Hazikukatika, ziliambiwa uongo.

Anayetaka kuhama kutoka hewa kwenda majani anaweza, lakini ahame kikamilifu: hanga, springi, chuma cha kusawazisha na vali ya breki inayofaa mfumo huo, kwa mkono wa fundi anayeijua kazi. Kadhalika tunawaonya wanaoongeza majani mawili matatu ili trela libebe zaidi. Jani la ziada huondoa dalili ya kuzidiwa, yaani ule mnyong'onyo wa springi, lakini halikuzi breki, halikazi chasisi na halibadilishi kiwango cha tairi. Trela hilo linaonekana limesimama wima huku limezidiwa.

Mwenye springi za hewa ana faida moja ambayo wengi hawaitumii. Akifungiwa saa ya kupima msukumo wa mifuko, anaweza kuufahamu uzito wake akiwa kijijini pasipo na mizani. Apite mizani rasmi trela likiwa na tani zake halali, mahali tambarare, kimo kikiwa cha kawaida, asome saa na kuiwekea alama ya rangi. Siku nyingine akipakia mahindi Masindi na mshale ukavuka alama, ajue atarudishwa Magamaga au Lukaya; heri apunguze magunia pale pale kuliko kuyashusha njiani kwa faini na aibu. Saa hiyo haichukui nafasi ya mizani, na gari likibadilishiwa mifuko alama ipimwe upya.

Kwa wenye majani ya chuma, ukaguzi ni wa macho na nyundo. Jani lililovunjika mara nyingi huonyesha mstari wa kutu karibu na boliti ya katikati. Mahali ambapo chuma kinang'aa pembeni mwa boliti za U, pana kitu kinachosogea ambacho hakikupaswa kusogea. Boliti hizo zikazwe tena baada ya safari ya kwanza ya mzigo, kila springi inapofunguliwa na kufungwa, kwa sababu majani hujipanga upya na kuziacha zikiwa legevu. Hatua hii huchukua muda wa kunywa chai, na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote.

Mwisho, ukienda kununua trela lililotumika, la mfumo wowote, chukua futi ya mkanda na mtu mmoja wa kukushikia. Pima kutoka kwenye pini inayounganisha trela na kichwa hadi katikati ya gurudumu la ekseli ya mbele, upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Vipimo hivyo viwiane; tofauti ikizidi milimita chache, ekseli imekaa mshazari. Halafu pima kati ya ekseli na ekseli kwa kila upande. Tazama tairi zimeliwa vipi, na iwapo zimeliwa upande mmoja kwa mshazari, muulize muuzaji sababu kabla hujauliza bei. Kisha lala chini yake ukiwa na tochi, utafute alama za kuchomelea mahali palipopaswa kuwa na mpira.