Ngano Yenu Ina Wiki Ngapi?

Somo la leo ni juu ya ngano na hali ya hewa, tangu mbegu inapoingia ardhini mpaka gunia linaposhonwa. Tumelichagua kwa sababu tunavijua vikundi kadhaa vilivyokodi shamba, wanachama wakachanga, wengine wakachukua mkopo, halafu mavuno yalipokuwa mabaya kila mtu akasema, "Ni mvua." Mwaka wa mvua kidogo, lawama ni ya mvua. Mwaka wa mvua nyingi, lawama ni ya mvua vilevile. Sisi twauliza: mvua ya wiki gani?

Maana ngano si kama sukuma wiki, ambayo ikipata maji siku yoyote inafurahi. Mvua inayoponya ngano ya wiki tatu yaweza kumaliza ngano ya wiki kumi na saba. Jirani yako akipanda mwezi mmoja baada yako, mvua moja itamtajirisha yeye na kukutia wewe hasara, na nyote wawili mmenyeshewa usiku mmoja. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua umri wa ngano yenu. Andikeni siku mliyopanda na siku ilipochomoza. Nyingi ya ngano yetu huchukua kama miezi minne kuiva. Kule juu kwenye baridi, kama Mau Narok, hukawia zaidi.

Tuanze na kupanda. Uasin Gishu wengi hupanda kuanzia Mei hadi Juni na kuvuna Oktoba na Novemba. Narok ya chini hupanda mapema zaidi, mvua ya masika inapoanza. Kosa tunaloliona sana ni kupanda baada ya manyunyu ya kwanza. Mbegu inalowa, inaota, halafu jua linawaka siku kumi na mche unakufa kabla haujatoka. Chimba kwa jembe uone: kama unyevu haujapita urefu wa kidole chako, ngoja.

Kisha iko wiki ya tatu, ambayo watu wengi hawaijali kwa sababu shamba linaonekana kijani na zuri tu. Wakati huo ngano inatoa mizizi mipya karibu kabisa na uso wa udongo, na ndiyo mizizi itakayoilisha mpaka mwisho. Kama udongo wa juu ni mkavu kama majivu, mizizi hiyo haishuki, na machipukizi ya pembeni yanakuwa machache. Machipukizi machache ni masuke machache, na hakuna mvua ya baadaye itakayoyarudisha. Mbolea ya CAN nayo inataka wakati wa machipukizi, kabla shina halijaanza kupanda juu, na udongo ukiwa na unyevu. Ukiimwaga juu ya vumbi, umetupa pesa. Na usiizidishe ati kwa sababu mvua ni nzuri. Ngano iliyolishwa kupita kiasi hurefuka, ikawa laini, na siku ya upepo na mvua inalala chini yote kama mkeka.

Sasa tufike mahali penye hatari kubwa, yaani tangu suke likiwa bado limefichwa ndani ya shina mpaka maua yaishe. Pasua shina moja kwa wembe uone suke dogo limefika wapi. Katika siku hizo kiu ya wiki moja au mbili inapunguza punje, na joto kali hukausha mbegu ya kiume kwenye ua. Lakini adui anayesahauliwa ni jalidi, ile barafu nyeupe inayoonekana kwenye nyasi alfajiri. Wakulima wa Mau Narok, Ol Kalou na Kinangop wanaijua. Huja usiku usio na mawingu wala upepo, na hewa baridi huteremka na kutulia mabondeni kama maji. Baada ya siku chache unaona masuke meupe yamesimama wima. Watu wanasema imeiva mapema! Ukilifikicha mkononi halina kitu. Hakuna dawa ya kupiga. Kinga ni mbili tu: mpande kwa tarehe ambayo maua hayatakutana na miezi ya jalidi ya kwenu (wazee wanaijua, waulizeni), na ile sehemu ya bondeni muiachie nyasi ya ng'ombe.

Hapa ni lazima tuseme juu ya kutu, kwa sababu kutu ni ugonjwa lakini anayeuleta na kuulea ni hali ya hewa. Mbegu za kutu husafiri kwa upepo, mbali sana. Zikianguka kwenye jani kavu hazifanyi kitu. Zikikuta jani lililolowa umande au mvua kwa saa kadhaa, zinaota na kuingia ndani. Kutu ya manjano, ile inayopanga mistari juu ya jani, hupenda baridi na unyevu. Kutu ya shina hupenda mchana wenye joto na usiku wa umande. Ukipitisha kidole kwenye shina unabaki na unga mwekundu wa kahawia. Si ugonjwa mgeni. Delamere alipojaribu ngano Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, kutu ilimmalizia mashamba. Mwaka 1998 aina mpya ya kutu ya shina ilionekana Uganda, ikaja kuitwa Ug99, ikaingia Kenya, na mwaka 2007 iliharibu mashamba mengi ya Narok. Watafiti wa Njoro wanaotesha kila mwaka maelfu ya mbegu kutoka nchi nyingi ili waone zipi zinastahimili. Hata hivyo kutu nayo hubadilika. Mbegu ya Robin ilitolewa ikiwa na kinga, na baada ya miaka michache tu ikashikwa. Kwa hiyo msiseme, "Tulinunua mbegu nzuri, tulale."

Fanyeni hivi: mvua ya mfululizo au umande mzito wa siku nne tano ukishuka wakati ngano inaelekea kutoa masuke, watu wawili watembee shambani kutoka kona hadi kona, siyo kuangalia kutoka barabarani. Mkiona madoa ya kwanza, pigeni dawa ya kutu mapema, asubuhi isiyo na upepo. Mkingoja shina liwe jekundu lote, dawa hiyo itakuwa ya kujifariji tu. Ukame nao una wadudu wake. Vidukari huzaana sana kukiwa kukavu, na kidukari wa ngano wa Urusi, aliyeonekana Kenya mwaka 1995, hukunja majani na kuyatia mistari myeupe. Mvua kubwa huwaosha.

Baada ya maua punje hujaa kwa mwezi mmoja hivi, au zaidi kidogo. Baridi ya kadiri ni rafiki hapo, kwa sababu hurefusha kazi na punje inakuwa nene. Joto na upepo mkavu huifanya iive kwa haraka ikiwa imesinyaa, na gunia linajaa lakini mizani inakataa.

Hadithi ya mwisho inatuhusu sisi wenyewe. Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa na ekari kumi na mbili, ngano nzuri kuliko zote tulizoziona mwaka huo. Ilikuwa imekauka karibu sawa. Kombaini ilikuwa kwa jirani, na mwenyewe alikubali kupita kesho yake. Sisi tukawashauri wangoje siku nne zaidi, ngano ikauke vizuri ili wasilipie kukausha. Siku ya pili mvua ikaanza, ikanyesha siku tano, na kombaini ikazama kwenye matope ya shamba lingine. Ngano ilipovunwa, punje zilikuwa zimeota ndani ya suke. Mnunuzi alitia mkono ndani ya gunia, akatazama, akaliweka chini. Unga wa ngano iliyoota hautoi mkate mzuri, unanata. Waliuza kama chakula cha kuku, na deni wakalilipa kwa mbuzi wao. Hakuna aliyetulaumu kwa maneno, na hilo lilituuma zaidi.

Tangu hapo tunasema hivi: ngano ikiiva, isilale shambani kwa sababu ya asilimia mbili za unyevu. Kombaini iwekwe mapema, vikundi jirani viungane na kuikodi pamoja, na turubai za kuanikia ziwe tayari. Miaka ya El Niño ndiyo ya kuangalia zaidi. Mwaka 1997, na tena 2023, mvua za Oktoba na Novemba zilikuja kwa nguvu, yaani wakati hasa wa kuvuna upande wa Uasin Gishu. Redio ikitangaza mwaka wa namna hiyo, msipande ekari zote siku moja.

Kwa kupima unyevu bila mashine, chukueni chupa kavu ya kioo, tieni chumvi kavu vijiko vitatu, ongezeni ngano hadi theluthi ya chupa, tikiseni vizuri, kisha iacheni itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, ngano bado ni mbichi. Isiposhika, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Anikeni tena siku moja mbili, kwa sababu mnunuzi anataka asilimia 13.5 au chini yake.

Kwa mkutano ujao tafuteni mkebe wenye kuta zilizonyooka, muuweke shambani mahali wazi, mbali na miti, juu ya kigingi. Kila asubuhi mtu mmoja apime maji kwa rula ya shule na kuandika milimita ngapi, kisha amwage. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba, yaani kama lita 4,000 kwa ekari. Ngano inahitaji kama milimita 450 hadi 650 kwa msimu wote. Kando ya kila namba andikeni wiki ya ngano: wiki ya tatu, suke ndani ya shina, maua, punje ya maziwa. Nani ataitunza daftari hiyo, na nani ataichukua akiwa mgonjwa?