Baada ya Harry Potter, Usome Nini? Mwongozo wa Riwaya za Ajabu kwa Wasomaji wa Usambara

Vijana wanaorudi kwetu Kwamkoro, huku Amani, likizo kutoka shule za bweni huja na majina yale yale: Harry Potter wa J.K. Rowling, Frodo wa Tolkien, na ukoo wa Stark wa George R.R. Martin. Wengi wamewajua kwa filamu kwanza, kitabu baadaye, na wengine kitabu hawajakifikia kabisa. Si vibaya. Aliyeshikwa na hadithi moja ya ajabu yuko njiani kuwa msomaji. Kinachotakiwa ni mtu wa kumpa kitabu cha pili. Hapo ndipo tunapokwama. Mtu mzima akiombwa ushauri hutaja kitabu kilichokwisha tajwa na kila mtu, au husema Kiswahili hakina riwaya za namna hiyo.

Kinazo, na baadhi ya zilizo bora zimetoka mkoa huu huu wa Tanga. Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu, mkutubi, au rafiki anayeulizwa, "Nisome nini tena?" na hataki kujibu kwa kubahatisha.

Kabla hujataja kitabu, muulize mwenzako alichokipenda katika kile alichokimaliza. Watu wawili wanaweza kuipenda hadithi moja kwa sababu mbili tofauti. Mmoja alipenda uchawi wenyewe: fimbo, majini, watu kugeuzwa wanyama. Mwingine alipenda nchi ya kubuni yenye sheria zake na wafalme wake. Wa tatu alipenda safari ndefu ya kutafuta kitu. Halafu muulize kitabu alichokiacha njiani, na kwa nini alikiacha. Swali hili watu hawaliulizi, nalo ndilo linaloonyesha njia zaidi. Aliyeacha kwa sababu maelezo yalikuwa marefu hatakushukuru ukimpa juzuu nene, hata liwe zuri namna gani.

Aliyependa uchawi na majini

Mpe Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Ni kijitabu chembamba, na mtoto wa darasa la sita anayesoma vizuri anakimaliza. Rai, mfalme wa Ughaibu, anamtuma Ikibali kwenda Janibu kwa liwali Adili kuchukua kodi. Ikibali anapokewa kwa heshima zote. Usiku anamwona mwenyeji wake, mtu mpole anayesifiwa na kila mtu, akiwapiga manyani wawili kwa mjeledi, kisha akiwalisha na kuwatunza kama watoto wake. Kwa nini mtu mwema afanye hivyo? Jibu linatupeleka baharini, katika mji ambao wakazi wake wamegeuka mawe, na kwa jini Huria ambaye amri yake haivunjwi. Manyani wale ni ndugu za Adili, Hasidi na Mwivu.

Kisa hiki kina asili katika Alfu Lela Ulela, ambamo wanaopigwa ni mbwa wawili. Shaaban Robert alikichukua, akakipa watu wake na miji yake, akageuza mbwa kuwa manyani. Msomaji akikipenda, mpeleke moja kwa moja kwenye Alfu Lela Ulela yenyewe, iliyokwisha tafsiriwa kwa Kiswahili tangu enzi za ukoloni. Hapo atakuwa na kazi ya mwaka mzima.

Namsisitiza Shaaban Robert kwa sababu vijana wengi wa Tanga wanamjua kama jina la mtaa au la shule. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, Machui, pwani ya Tanga chini ya milima hii, akafariki mwaka 1962. Miaka miwili kabla ya Tolkien kutoa kitabu cha kwanza cha pete, yeye alikwisha toa Adili na Nduguze, na mwaka mmoja kabla ya hapo alitoa Kusadikika. Hatumpi mtoto Shaaban Robert kwa kumhurumia mwandishi wa kwetu. Tunampa kwa sababu alijua kuanzisha kisa hata usiweze kukiweka chini.

Aliyependa nchi za kubuni

Kusadikika (1951) ni nchi inayoelea angani. Karama anashitakiwa kwa kosa la kueneza elimu ya sheria, na mshitaki wake ni waziri Majivuno. Siku sita Karama anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi, na malipo yao yakawa kifungo. Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni alipoyaandika haya, na msomaji mwenye macho ataona kilichofichwa chini ya ile nchi ya hewani.

Kina mwendo wa baraza la hukumu: hotuba juu ya hotuba. Kijana anayetaka mapanga na mazimwi atachoka ukurasa wa ishirini. Mpe anayependa mabishano. Mwenzake, Kufikirika, kilichotolewa baada ya mwandishi kufariki, kinahusu mfalme asiyepata mtoto na waganga na watabiri walioitwa kumtafutia dawa. Hiki kimewahi kuwa kwenye orodha ya kidato cha tano na sita, na wengi walikichukia kwa sababu ya mtihani. Waliokichukia shuleni nawasihi wakirudie sasa, bila maswali ya "jadili".

Kutoka Kenya kuna Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Dzombo anahukumiwa kifo cha namna ya pekee: anatiwa kwenye chombo cha anga na kurushwa akapotelee huko. Yeye anakimudu kile chombo, anatua Walenisi, nchi ambayo watu wake wanaishi bila kunyonyana. Mkangi mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini miaka ya 1980, kwa hiyo anapoandika kuhusu watawala wanaoogopa fikra anaandika alichokipitia. Kwa msomaji aliyetoka kwenye filamu za anga, hiki ndicho kitabu cha kumpa.

Aliyependa safari, na asiyeogopa kupotea

Hapa kuna ngazi, usimrushe mtu juu kabisa siku ya kwanza. Anza na Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed (2001). Mkubwa mmoja aitwaye K, aliyenona kwa mali ya umma, anatembelewa na babu yake aliyekwisha kufa, na mzee anamtoa usiku kumwonyesha nchi ambayo yeye K hukataa kuitazama. Mzuka upo na hofu ipo, lakini njia inaonekana.

Ngazi ya pili ni Bina-Adamu! cha Kyallo Wadi Wamitila (2002), ambamo msimulizi anazunguka dunia akimtafuta mhalifu aitwaye P.P. Msomaji aliyewahi kukutana na Peter Pan, yule mtoto wa hadithi za Kiingereza asiyekua, atapata raha ya ziada. Hapa matukio hukatika ghafla na nyakati huchanganyika. Mwambie msomaji mapema kwamba ndivyo kilivyoandikwa, asije akadhani kurasa zimenyofoka.

Juu kabisa wapo Nagona (1990) na Mzingile (1991) wa Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyefariki Januari 2020. Ni vitabu vyembamba, na wembamba huo unadanganya. Mtu anamtafuta Nagona, paa asiyekamatika, na njiani anapita katika dunia ambayo wanafalsafa waliokufa wanazungumza. Aliyezoea riwaya zinazoeleza kila kitu ataona amepotezwa makusudi. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa vitabu vikubwa vya Kiswahili vya karne iliyopita, na sijawahi kumshauri mtu aanze navyo. Visomwe na watu wawili au watatu kwa pamoja, sura moja kwa jioni moja, kisha mzungumze.

Usambara yenyewe inaye mtu katika safu hii. William Mkufya, mzaliwa wa Lushoto, ndiye aliyeandika Ziraili na Zirani (1999), riwaya inayotupeleka ahera, ambako viumbe wa mbinguni na wa jehanamu wanapigana na kubishana juu ya imani na akili. Aliyewahi kusikia habari za Dante au Milton atatambua ukubwa wa kilichojaribiwa humo. Mpe mtu mzima aliyekomaa. Wazazi wa dini watakuwa na maswali, nayo ni ya haki. Asome mzazi kwanza, kisha aamue.

Suala hilo la dini linajitokeza kila mara, basi tuliseme wazi. Kuna wazazi wa Kiislamu na wa Kikristo wanaoona hadithi za majini na wachawi zinamharibu mtoto. Usibishane nao. Wape Adili na Nduguze, waone mwandishi anavyowatendea wenye husuda. Wengi hutulia baada ya kusoma wenyewe.

Majina yanayopotosha

Joka la Mdimu cha Abdallah Safari hakina joka la hadithi za ajabu. Ni riwaya ya maisha ya mjini na ufisadi. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na Kisima cha Giningi (1968) vya Muhammed Said Abdulla vina majina ya kutisha, lakini humo mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anafumbua mauaji kwa akili tupu, na mzimu unabaki kuwa imani ya watu. Ni vitabu vitamu mno. Ila ukimpa aliyeomba mizuka, ataona umemdanganya.

Hazina ya milimani

Kipo kitabu kimoja ambacho si riwaya, nacho hakikosi katika orodha yangu. Ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, aliyekaa miaka mingi kwa mtawala Semboja kule Mazinde na kuyasikia masimulizi ya ufalme wa Wakilindi wa Usambara kwa wenyewe. Kilianza kuchapwa mwishoni mwa karne ya 19 na misheni ya Magila, hapo Muheza unapopita kuja Kwamkoro, kikatolewa upya mwaka 1962. Humo yumo Mbegha, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza akahesabiwa kigego, akafukuzwa na ndugu zake kwao Nguu, akaishi porini na mbwa wake Chamfumu akiwinda nguruwe. Alipofika Usambara aliwagawia watu nyama, akaua simba, na watu wakamfanya mfalme. Mtoto aliyempenda Aragorn wa Tolkien, mfalme anayetembea porini bila kujulikana, mwambie kwamba kaburi la ufalme wa namna hiyo liko Vugha, safari ya basi kutoka Lushoto mjini. Kiswahili chake ni cha zamani, kwa hiyo kisome kwa sauti mbele ya wazee. Wasambaa watakusahihisha na kuongeza yao, na hapo ndipo kinaponoga.

Wadogo nao wasisahaulike. Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Ida Hadjivayanis (2015), inafaa kusomewa mtoto wa miaka minane. Kabla yake ilikuwapo Elisi Katika Nchi ya Ajabu ya mwaka 1940, ambayo leo ni bahati kuipata. Mwana Mdogo wa Mfalme, tafsiri ya kitabu cha Mfaransa Saint-Exupéry, ni fupi na inasomeka na mkubwa na mdogo kwa pamoja.

Kuvipata na kuvitunza

Duka la vitabu Kwamkoro hakuna. Fanya hivi: andika jina la kitabu na la mwandishi kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, umpe anayeshuka Tanga. Aanzie Maktaba ya Mkoa, ambako unaweza kuazima ukiwa mwanachama, kisha kwa wauza vitabu vya mitumba. Kwa Dar es Salaam, uliza wachapishaji wenyewe, kama Mkuki na Nyota, au duka la TPH (Tanzania Publishing House). Mzigo wa vitabu huja kwa basi hadi Muheza na kupandishwa na gari la Amani kama mizigo mingine. Mwambie anayetuma aufunge kwa nailoni. Vitabu vya Kenya, kama Walenisi na Bina-Adamu!, huchelewa. Agiza mapema, na mkiwa wengi gharama inapungua.

Kisha adui mkubwa: unyevu. Mvua ya huku Amani inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu huingia ndani hata dirisha likifungwa. Kitabu kilichoegemezwa ukuta wa udongo huota kuvu mgongoni katika msimu mmoja. Kiweke juu, mbali na ukuta, kisimame kwa nafasi, usikifungie kwenye mfuko wa plastiki kikiwa na unyevu. Siku ya jua kitoe nje kivulini, ukifungue kurasa. Juani moja kwa moja gundi hukauka na karatasi kulegea.

Mwisho, azimeni. Kitabu kimoja cha Adili na Nduguze kikizunguka kambi za wachuma chai kinaweza kusomwa na nyumba kumi. Bandika karatasi ndani ya jalada, kila aliyekisoma aandike jina lake na sentensi moja kwa anayefuata: alipenda nini, alichoka wapi. Ukipita Muheza wiki hii, nunua daftari la kuanzia, na kitabu cha kwanza kiwe hicho.