Usisaini Barua ya Kuacha Kazi Kabla Hujalalamika kwa Maandishi

Nenda steshenari yoyote mjini Tabora, umwambie mchapaji unataka barua ya kuacha kazi. Huenda anayo tayari kwenye kompyuta. Atabadilisha jina na tarehe, kisha akuchapie: "Nimeamua kuacha kazi kwa hiari yangu, kwa sababu zangu binafsi." Unalipa, unasaini, unaipeleka kwa bosi. Kwa mfanyakazi aliyechoshwa na upendeleo, sentensi hiyo moja inaweza kumharibia dai lote.

Tuchukue mfano wa karani wa mizani katika ghala la tumbaku huko Urambo. Miaka sita amepima marobota na kufundisha wageni. Leo mmoja wa aliowafundisha, mtu wa kijiji kimoja na meneja, amefanywa msimamizi wake. Nafasi haikutangazwa, na malipo ya saa za ziada yanawafikia wale wale kila mwezi. Anayemwambia karani huyu avumilie tu hamtendei haki. Anayemwambia abwage manyanga kesho asubuhi anamponza zaidi.

Kwanza tupambanue. Bosi kumpenda mtu zaidi ya wengine, peke yake, si kosa la kisheria. Kosa linaanzia pale upendeleo unapoegemea jambo lililotajwa katika kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Humo mna kabila au mahali mtu anapotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri, maoni ya kisiasa na mengineyo. Undugu na bosi haukutajwa. Lakini kama kila anayepandishwa cheo anatoka eneo moja na meneja, karani wetu ana pa kushika. Tena sheria imemsaidia: akionyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba haukuwepo.

Saa za ziada ni suala jingine kabisa. Kama alizifanya na hakulipwa, hilo ni deni la mshahara, na kiwango chake ni angalau mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Halihitaji uthibitisho kwamba kuna aliyependelewa.

Sasa, je, aache? Kifungu cha 36 cha sheria hiyo kinasema mfanyakazi akiacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya isivumilike, huhesabika kuwa ameachishwa. Hiyo ndiyo silaha yake, ila ina sharti ambalo wengi hawalijui. Kanuni ya 7 ya Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007 inataka aliyetendewa isivyo haki awe ametumia kwanza njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa ana sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Aliyenyamaza miaka miwili, kisha akaandika "sababu binafsi", atapata tabu sana kumshawishi mwamuzi.

Kwa hiyo andika malalamiko kabla ya barua ya kuacha. Taja tarehe, nafasi iliyojazwa bila tangazo, sifa zako, na unachotaka kifanyike. Toa nakala mbili, na ile inayobaki kwako ipigwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea. Wakikataa kusaini, ipeleke na shahidi au kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji walijua kudai posho kwa pamoja. Wengine walitoroka njiani, na mara nyingi ujira uliobaki uliwapotea. Hata leo kuondoka ghafla kuna gharama. Anayelipwa kwa mwezi anapaswa kutoa notisi ya angalau siku 28, na akikataa kufanya kazi katika muda huo mwajiri anaweza kumkata fedha hizo kwenye stahiki zake. Anayeacha kwa hiari hapati pia kiinua mgongo cha kifungu cha 42, yaani mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo uliyoilimbikiza na cheti cha utumishi ni haki yako hata hivyo.

Kibarua wa msimu asiyefikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo hawezi kudai kuachishwa isivyo haki, ingawa dai la ubaguzi anabaki nalo. Mwalimu au muuguzi wa serikali yeye huanzia kwenye taratibu za Sheria ya Utumishi wa Umma.

Ukishaondoka, hesabu siku. Dai la kulazimishwa kuacha kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Migogoro mingine, ukiwemo ubaguzi, ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Ukichelewa utalazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku uliyochelewa. Ninakusihi upite ofisi ya Tume hapo Tabora, au kwa chama chako, ukiwa na nakala ya malalamiko mkononi kabla hujasaini chochote. Kuwasilisha mgogoro kwenye Tume hakuna ada.